Wanawake Wawili wa Jina Moja

Nilifanya kazi masijala kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyewahi kuniuliza ninaifanyaje kazi yangu, mpaka walipokuja washauri.

Masijala ni chumba cha majalada. Chetu kilikuwa nyuma ya ofisi, Kisarawe, dirisha moja, feni isiyozunguka, rafu za mbao zilizopinda katikati kwa uzito. Humo ndimo yalimokaa majalada ya ardhi, ya viwanja vya mjini na ya mashamba ya vijijini, mengine yamepigwa kwa taipureta, mengine yameandikwa kwa mkono na watu waliokwisha kufa. Mvua ikinyesha tulifunika rafu ya mwisho kwa turubai. Niliandika dokezo kuomba bati moja tu la kuziba palipotoboka. Mwaka uliofuata nikaandika tena. Dokezo la tatu lilirudi na maneno mawili ya wino wa kijani: "Subiri mradi."

Mradi ulifika na magari mawili meupe kutoka Dar. Walikuwa wanne, kila mmoja na kompyuta yake mgongoni, na kiongozi wao alikuwa dada wa umri wa mwanangu wa kwanza. Nilijiandaa kumchukia. Lakini aliingia, akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo mama. Nimeambiwa bila wewe hapa hakuna kinachopatikana." Kisha akakaa sakafuni kwenye vumbi, na suruali yake nzuri, akafungua daftari.

Alikaa na mimi siku tatu. Aliuliza mtu akija bila namba ya jalada ninaanzia wapi kutafuta. Aliuliza kwa nini majalada mengine yana alama ya wino mwekundu kwenye kona. Nikamweleza yote, na nakiri nilifurahi. Kitu nilichomsisitizia zaidi kilikuwa majina. Huku kwetu majina yanarudi. Mtoto anapewa jina la bibi yake, baba yake naye ana jina la babu yake, mwisho unakuta watu wawili wana majina matatu yanayolingana herufi kwa herufi, wala hawana undugu. Nikamtolea mfano. Nilimshushia majalada mawili ya wanawake wawili. Mmoja alikuwa na kiwanja hapa mjini. Mwingine alikuwa na shamba la mikorosho kijijini Marui. Majina yao matatu ni yaleyale. Kwa kuwa majalada ni ya zamani hayakuwa na namba za vitambulisho, kwa hiyo kilichowatofautisha ni alama yangu nyekundu kwenye kona, na mimi mwenyewe.

Yule dada aliyapiga picha yote mawili kwa simu yake.

"Mama, hili ni jambo kubwa sana," akasema. "Hili tutaliweka awamu ya pili."

Jioni ile nilimwambia mume wangu kwamba safari hii wameleta watu wanaosikiliza.

Baada ya hapo wakaja vijana wa muda na mashine za kuskani. Wiki tatu usiku na mchana mashine zile zilivuma. Karatasi zilizokwisha kuskaniwa zilirudishwa kwenye majalada, majalada yakatiwa kwenye maboksi, maboksi yakafungwa kwa utepe wenye nembo ya kampuni, yakapakiwa lorini kwenda kwenye ghala Kibaha. Yangekaa huko mpaka uhakiki wa mwisho. Nilibaki na rafu tupu na kompyuta moja.

Siku ya uzinduzi walifunga hema uwanjani, tukagawiwa kofia na fulana. Mgeni rasmi alitaja gharama ya mradi, akairudia mara ya pili polepole, watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Kabla ya chakula bosi wangu aliniita pembeni na fomu ya kupokea mfumo. Palikuwa na mstari wa mtunza kumbukumbu kuthibitisha kwamba taarifa zote zimehamishwa kwa usahihi.

"Na awamu ya pili, mzee?" nikamuuliza.

"Itakuja. Wewe saini, mama. Mkataba wao unaisha mwezi huu, tusipopokea tutaonekana sisi ndio tuliokwamisha."

Nilisaini. Nimeshajitetea mara nyingi moyoni kwamba ningekataa angesaini mwingine, na ni kweli, lakini sahihi iliyopo pale ni yangu.

Miezi minane baadaye bibi wa Marui alikuja ofisini. Alishuka kwenye bodaboda kwa shida, binti yake akimshika kwapa. Binti mwenyewe alikuwa mtu mzima, anakaribia hamsini, na mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa korosho. Niliwatolea viti.

"Marahaba mwanangu," bibi alijibu shikamoo yangu. "Nimekuja kugawa shamba langu nikiwa hai. Ninao watoto watatu. Wawili wa kiume wapo Dar, na huyu ndiye anayenipikia, ananiogesha na kulima. Nikifa bila maandishi watamfukuza. Nawajua, nimewazaa mwenyewe."

Niliandika majina yake kwenye mfumo. Lilikuja jina moja tu, sio mawili. Chini ya jina palikuwa na kiwanja cha mjini, ambacho hakikuwa chake. Palikuwa na shamba la Marui, na mbele ya shamba pameandikwa: limehamishwa. Mmiliki wa sasa alikuwa mwanamume mwenye jina la bara.

Nilielewa palepale. Mfumo ulikuwa umewaunganisha wale wanawake wawili wakawa mtu mmoja. Yule wa mjini alipouza kiwanja chake, aliyeingiza uhamisho aliona jina moja lenye ardhi mbili, akahamisha shamba badala ya kiwanja.

"Bibi, shamba lako linasoma jina la mtu mwingine," nikasema.

"Nani?"

Nikamtajia.

Akamtazama binti yake. "Huyu tunamjua? Kaja lini Marui?"

"Hatumjui, mama."

"Basi hajaja," bibi akasema, akatulia, kana kwamba jambo limekwisha.

Namba ya simu ya yule mnunuzi ilikuwa kwenye kumbukumbu. Nikapiga. Alikuwa mwalimu mstaafu aliyehamia Mlandizi miaka mingi iliyopita, na kiwanja cha mjini alikinunua ili amjengee binti yake. Alifika kesho yake asubuhi, na shati lililopigwa pasi na bahasha yenye kila karatasi aliyowahi kupewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Watu wa ardhi tunaishi kwenye ugomvi. Kumbe mwalimu alikuwa na hofu kuliko sisi sote.

"Mimi nilinunua kiwanja, hatua ishirini kwa thelathini," akamwambia bibi. "Shamba la mtu silitaki. Nimekula chaki miaka thelathini na sita bila kuchukua cha mtu, siwezi kuanza leo."

"Nakuona," bibi akajibu. "Una uso wa mtu aliyelelewa."

Aliandika tamko kwa mwandiko wa ubaoni, mzuri, kwamba shamba si lake na hajawahi kulidai. Akasaini. Bibi akaweka dole gumba. Binti akasaini kama shahidi. Nikagonga muhuri. Nilidhani nina kesi nyepesi kuliko zote nilizowahi kushika, maana kila mtu aliyehusika alikuwa anasema jambo lilelile.

Kwenye mfumo kulikuwa na sehemu ya kutoa taarifa ya kosa. Ukibonyeza, inafunguka tiketi, na tiketi inakwenda kwa kampuni. Nikaeleza kila kitu, nikaambatisha tamko, nikabonyeza tuma. Skrini ikaandika: tiketi yako imepokelewa. Mbele ya shamba la Marui likatokea kufuli dogo la rangi ya machungwa.

Wiki mbili zikapita. Bosi akanishauri njia ya mkato, mwalimu amhamishie binti wa bibi moja kwa moja, kama anayegawa mali yake, mambo yaishe. Mwalimu alikubali hata kabla sijamaliza sentensi. Akaja tena, bibi naye akaja tena kwa bodaboda, nikafungua ukurasa wa uhamisho. Mfumo ukakataa. Ardhi hii ina tiketi iliyo wazi, hairuhusiwi muamala wowote mpaka tiketi ifungwe. Nikajaribu kuifunga tiketi. Kumbe mimi naweza kufungua tu. Kufunga ni wao.

Nilikaa nikitazama lile kufuli. Nililifunga mimi, kwa mkono wangu, nikidhani ninasaidia.

"Kuna nini, mwanangu?" bibi akauliza.

"Bado kidogo, bibi."

Niliandika barua kwa kampuni. Ilijibiwa kwa heshima kwamba mkataba wao na serikali umekwisha na huduma baada ya mkataba inahitaji makubaliano mapya. Niliandika wizarani kupitia kwa bosi. Ikajibiwa kwamba mfumo bado uko chini ya mshauri hadi makabidhiano ya mwisho, tuwasiliane na mshauri. Barua hizo mbili nilizipachika pamoja kwa klipu moja.

Mwisho nikampigia yule dada wa daftari. Nilishangaa simu ikiita. Alikuwa mkoa mwingine kabisa, kwenye mradi wa maji, nikasikia jenereta nyuma yake.

"Mama! Nakukumbuka. Wanawake wawili, alama nyekundu."

"Ndiyo hao, mwanangu. Yametokea."

"Niliandika kwenye ripoti, mama. Wallahi niliandika. Nikapendekeza majina yote yanayofanana yahakikiwe kijiji kwa kijiji. Wakasema hiyo ni awamu ya pili, na awamu ya pili haikupata fedha."

"Wewe huwezi kuifunga hiyo tiketi?"

"Nywila zetu zilizimwa siku mkataba ulipoisha. Hata kuingia siwezi. Nisamehe, mama."

Nikamwambia sina cha kumsamehe. Ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonikata maini. Laiti ningempata mtu mmoja mwovu, ningejua pa kusimama na kupiga kelele.

Ilibaki karatasi yenyewe. Bosi alisema tukipata jalada halisi la Marui tunaweza kulipeleka kwa msajili kama ushahidi, naye huenda akaamuru wizara kulitoa lile kufuli. Kwa hiyo siku moja tulikwenda Kibaha ghalani, mimi, bibi na binti. Nilimwambia bibi abaki nyumbani. Akakataa, akasema jalada likitoka na yeye yupo, wataona aibu kulirudisha.

Mlinzi wa ghala alikuwa mtu mwema. Alitufungulia mlango wa nje, tukasimama mbele ya mlango wa nondo. Ndani, maboksi yamepangwa mpaka karibu na dari. Na katika safu ya pili kutoka chini nililiona, mwandiko wangu wenyewe ubavuni: Marui.

"Lile pale," nikamwambia mlinzi. "La pili kutoka chini."

"Mama, lina utepe. Kukata utepe wa kampuni lazima niwe na barua ya kampuni."

"Kampuni imeondoka."

"Najua. Wenzio walikuja wiki iliyopita, wa wilaya nyingine, nao wakarudi. Mimi nitafukuzwa kazi, mama yangu."

Bibi alikuwa ameshika nondo kwa mikono miwili.

"Limo humo?" akaniuliza.

"Limo, bibi."

"Unaliona?"

"Naliona boksi lake."

"Na huwezi kulitoa."

"Siwezi."

Akaachia nondo, akajifuta kutu kwenye khanga, akaomba maji. Mlinzi akamletea kikombe cha bati, akamwekea na kiti kivulini. Tulikaa pale kama saa nzima bila sababu yoyote, maana hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema twende.

Baada ya safari ile hakuja tena. Binti alikuja peke yake, kisha akaanza kupiga simu. Kaka zake walikuwa wamesikia. Mmoja wao alikwenda ofisini siku niliyokuwa likizo, akaomba nakala ya taarifa ya shamba, akachapishiwa kihalali kabisa, jina la mwalimu hilo hapo na neno limehamishwa. Akaipeleka Marui, akawasomea mama yake na dada yake.

"Wanasema mama aliuza na mimi nikala hela," binti akaniambia kwenye simu. "Dada, niwaambie nini?"

"Waambie ni kosa la mfumo. Waambie wanipigie mimi."

"Nimewaambia. Wanasema kompyuta ya serikali haiwezi kukosea, mtu ndiye anayekosea."

Hawakunipigia. Niliwapigia mimi. Mkubwa alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kwa sauti ya upole kama ninayo karatasi yoyote inayoonyesha hayo ninayosema. Nikamtajia tamko la mwalimu. Akasema, "Mama, mtu aliyenunua kwa siri si ndivyo atakavyoandika?"

Bibi alifariki msimu wa korosho ulipokuwa unaanza. Binti alinipigia asubuhi. Nikaomba ruhusa, nikaenda Marui.

Alikuwa ameusia azikwe shambani kwake, pembeni ya kaburi la mumewe. Kaburi lilikuwa limeanza kuchimbwa alfajiri, lakini nilipofika majembe yalikuwa chini na vijana wamekaa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amesimamisha. Yule mtoto mkubwa alimwonyesha ile karatasi iliyochapishwa, na mwenyekiti, ambaye alimjua bibi maisha yake yote, ambaye utotoni alipanda mikorosho hiyohiyo, aliogopa.

"Mimi najua shamba ni la nani," akaniambia kando, hanitazami. "Lakini karatasi ya ofisi yenu inasema vingine. Nikiruhusu azikwe kwenye ardhi ya mtu, kesho akija na polisi nitajibu nini? Niletee ruhusa ya mwenye jina."

Nilimpigia mwalimu. Alikuwa ametoka kunywa chai. Hakuuliza maswali. Alikodi bodaboda kutoka Mlandizi, akafika karibu na adhuhuri, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi, kofia mkononi. Watu walikuwa wameshakaa kimya kwenye mikeka, na maiti imeshaoshwa, imekafiniwa, inasubiri. Mwalimu alikuwa Mkristo, hakujua akae wapi, akasimama tu.

Mtu akachana karatasi kwenye daftari la shule. Mwalimu akaiweka juu ya kiti cha plastiki, akapiga magoti mchangani, akaandika. Mwenyekiti akaisoma kwa sauti ili wote wasikie: kwamba yeye, mwenye jina hilo, anatoa ruhusa marehemu azikwe katika shamba hilo.

Kisha mwalimu akainuka, akasema, "Ndugu zangu, nimeandika hivyo kwa sababu nimeambiwa niandike. Lakini mimi si wa kumruhusu mama huyu alale kwake." Binti wa bibi alitoka kwa wanawake, akamshika mkono, akampeleka kwenye kivuli. Majembe yakaanza tena.

Wale kaka wawili walitupia udongo kama desturi inavyotaka. Mkubwa alilia sana. Kabla ya kuondoka, alikuja akanishukuru kwa kufika, na nadhani alimaanisha. Lakini ile karatasi aliikunja vizuri, akairudisha mfukoni.

Mwaka huohuo nilihamishiwa Kibaha, nikapata nyumba ya kupanga Tangini. Huku nako kuna mfumo uleule. Hivi karibuni wamekuja washauri wengine, wa kutathmini kazi ya washauri wale wa kwanza. Walinihoji nusu saa. Niliwasimulia habari ya bibi tangu mwanzo. Kijana aliyekuwa ananihoji aliacha kuandika, akanisikiliza kweli, mpaka nikaona macho yake yamebadilika. Kisha akatazama kishikwambi chake.

"Pole sana, mama. Lakini hapa fomu inataka namba tu. Kuanzia moja mpaka tano, umeridhika kiasi gani na mfumo?"

"Na haya niliyokwambia yanakwenda wapi?"

"Kuna sehemu ya maoni mengine. Ila inachukua herufi chache." Akanigeuzia kile kishikwambi nione kisanduku chenyewe. Kilikuwa kidogo. Nikamwambia aandike namba mbili, nisije nikaonekana nina chuki.

Mwalimu amejenga kile kiwanja, binti yake anakaa humo. Kwenye mfumo, kiwanja bado ni cha mwanamke mmoja mwenye majina matatu, na shamba la Marui bado ni la mwalimu, na kufuli bado lipo. Huwa ninaingia kutazama. Mwalimu amezeeka ghafla. Aliniambia jambo linalomnyima usingizi ni kwamba akifa yeye, watoto wake watakuta jina la baba yao kwenye shamba la watu, na hajui wataamini kipi.

Binti wa bibi hunipigia mvua za vuli zinapokaribia. Anaanza na salamu ndefu, za mume wangu, za watoto, za miguu yangu. Halafu anauliza.

"Dada, safari hii nipande? Au nisubiri?"

Kaka zake hawajamfukuza. Wamemwambia tu wasije wakasikia amewekeza chochote pale, maana haijulikani ni pa nani. Mikorosho mingine imezeeka, inahitaji kung'olewa na kupandwa mipya, na mkorosho mpya unachukua miaka mpaka uzae. Anataka mtu mwenye kazi serikalini amwambie neno moja. Nami sina barua yoyote mkononi, wala sina nywila. Nina miaka michache tu kabla ya kustaafu.

"Panda," namwambia. "Panda tu, mdogo wangu."

Anashukuru, anakata simu, nami nabaki nimeishika simu sikioni.